Jinsi ya kugeuza video iwe WebM mtandaoni, na vitu vya kuangalia kabla hujafuta ile ya mwanzo

Kama umewahi kujaribu kupakia MP4 kwenye Wikimedia Commons, ile hifadhi ya picha na video huria inayotumiwa na Wikipedia, ukaambiwa aina hiyo ya faili haipokelewi basi hii hali unaijua, video ni yako, umeirekodi mwenyewe kwa simu yako, inacheza vizuri tu kila unapoifungua, alafu mlango unafungwa. Tatizo sio ulichorekodi, tatizo ni namna kilivyofungwa. Dawa yake ni kuigeuza iwe WebM na hiyo kazi unaifanya kwenye brauza bila kufunga programu yoyote, ila kuna sehemu tatu nne ukizikosea unatoka na video yenye ukungu au sauti isiyoendana na midomo, kwa hiyo twende taratibu.

Kwanza tuelewane kuhusu faili yenyewe. Faili ya video ni boksi. Ndani ya boksi kuna picha iliyobanwa na kuna sauti iliyobanwa, na ile njia ya kubana ndo inaitwa kodeki. MP4 ni jina la boksi tu, ndani yake mara nyingi unakuta picha ya H.264, au H.265 kwa simu nyingi za siku hizi, na sauti ya AAC. Sasa H.264 imetoka 2003 ikiwa na hataza, yaani haki za uvumbuzi, za makampuni mengi, anayetengeneza kifaa au programu ya kuisoma anatakiwa kukata leseni na akifika kiwango fulani analipa mrabaha, yaani ada ya kutumia uvumbuzi wa wengine. Sisi watazamaji hatuoni hiyo bili ndo maana wengi hawajui kama ipo, na mwaka 2010 wenye leseni walitangaza kwamba video za bure za intaneti hazitatozwa kitu milele, lakini hilo halikumgusa anayetengeneza programu. Mtu anayeandika programu huria akaigawa bure kwa dunia nzima hawezi kulipia kila nakala, hajui hata nakala ziko ngapi.

WebM ilikuja Mei 2010. Google walikuwa wameinunua kampuni ya On2 Technologies mwaka huohuo, wakachukua kodeki yao ya VP8 wakaiachia bure, wakaiweka kwenye boksi lililotokana na Matroska, yaani ile MKV unayoijua, na sauti ikawa Vorbis. Baadaye ikaja VP9 na sauti ya Opus, hao wawili ndo tutatumia leo. Kuna na AV1 ya muungano ulioanza 2015 wa kina Mozilla, Google, Netflix, Microsoft na wengine, hiyo ilitoka 2018. Kabla ya zote hizo kulikuwa na Theora, faili zake ni .ogv, kama una za zamani bado zinacheza kwa VLC, ile programu ya bure ya kucheza video, ila kutengeneza mpya za hivyo leo sioni sababu, kwa ubora uleule faili yake inakuwa kubwa kuliko ya VP9.

Nisiwafiche kitu, mwaka 2019 kampuni ya Sisvel ilitangaza kwamba kuna wenye hataza wanaodai haki zao ndani ya VP9 na AV1, wanawalenga watengenezaji wa vifaa sio wewe mwenye video. Muungano wa AV1 wenyewe msimamo wao ni uleule, mrabaha hakuna. Kwa mtu anayerekodi na kuweka mtandaoni hakuna kinachobadilika hapo.

Sasa kazi.

Kabla hujafungua tovuti yoyote tafuta video ya asili. Nasema ya asili, ile iliyotoka kwenye kamera, sio iliyopita kwenye WhatsApp ikarudi kwako. Kila video ikibanwa upya inapoteza kitu, na WhatsApp imeshaibana sana tayari, ukija kuibana tena kwa VP9 unabana hadi makosa ya ule ubanaji wa kwanza, vile vimraba unavyoviona kwenye ukuta mweupe au angani vinazidi kuwa vikubwa. Kama alikurekodia mtu mwingine mwambie akutumie kama dokumenti au akuwekee kwenye hifadhi ya mtandaoni utoe mwenyewe.

Alafu piga hesabu ya saizi, hii watu wanairuka ndo maana wanakaa lisaa limoja wakiangalia mstari usioisha. Chukua mfano wa somo la hesabu la dakika 10, limerekodiwa kwa simu, 1080p (yaani picha ina mistari 1080 kwenda chini), kwa kasi ya megabiti 17 kwa sekunde. Dakika 10 ni sekunde 600, mara 17 unapata megabiti 10,200, gawa kwa 8 kwa sababu baiti moja ni biti nane, ni MB 1,275. Kama intaneti yako inapandisha megabiti 4 kwa sekunde, kupakia peke yake kutachukua kama dakika 42, hapo kugeuza hakujaanza. Na tovuti nyingi za bure zina kikomo cha saizi kilicho chini ya hapo, kingine unakijua ukishafika asilimia mia. Kwa hiyo kata kwanza. Zile sekunde za mwanzo unaposogeza simu na za mwisho unapoifuata kuizima ziondoe, kama somo lina sehemu mbili ligawe mara mbili. Bando lako lina thamani.

Kitu kingine cha kuangalia mapema ni nini kimo ndani ya hiyo video. Tovuti ya kugeuza inachukua faili yako inaipeleka kwenye seva ya mtu, inaibadilisha huko, alafu unaipakua. Maana yake kwa muda fulani video yako iko kwa mtu usiyemjua. Somo la hesabu sawa. Video ya mtoto anaoga, ya mgonjwa, ya kikao cha ndani cha kazini, hapana, hata kama wameandika kwamba wanafuta baada ya masaa machache. Na simu nyingi zinaandika mahali uliporekodia ndani ya faili, zima hicho kipengele kwenye kamera kabla hujarekodi kama hutaki nyumba yako ijulikane.

Kuna tovuti za aina mbili, na kuzitofautisha ni rahisi. Za kwanza ndo hizo za kupakia kwenye seva, kama CloudConvert. Za pili zinafanya kazi yote ndani ya brauza yako, zimebeba FFmpeg, programu huria ya kugeuza video, iliyotengenezwa iweze kukimbia kwenye brauza, faili haitoki kwenye kompyuta yako kabisa. Ukitaka kuhakikisha kama ni kweli fungua ukurasa, subiri umalize kujifungua, zima intaneti, alafu weka kivideo kifupi cha sekunde kumi ugeuze. Ikimaliza na intaneti imezimwa basi kweli kazi inafanyika kwako. Ikigoma, huenda wanapakia. Ubaya wa hizi za pili ni kwamba zinatumia nguvu na kumbukumbu ya kompyuta yako, faili ikiwa kubwa tabo inaganda au inajifunga yenyewe, kwa hiyo ni nzuri kwa video za dakika mbili tatu.

Ukishachagua, utaratibu unafanana karibu kila mahali. Unaburuta faili unaidondosha kwenye kile kiboksi, au unabonyeza unaichagua, alafu kwenye orodha ya kugeuzia unachagua WEBM. Hapa wengi wanabonyeza kugeuza papo hapo na hapa ndo nakuomba usimame. Tafuta alama ya spana au gia pembeni ya jina la faili, ndani yake kuna mipangilio, na mipangilio ya kawaida ya tovuti nyingi haijapangwa kwa ajili ya video yako, imepangwa ili seva imalize haraka.

Kodeki ya picha weka VP9. VP8 inakubalika pia ila itakula nafasi zaidi kwa ubora uleule. AV1 inabana vizuri kuliko zote mbili lakini kuitengeneza kunachukua muda mrefu sana na simu za zamani zinahangaika kuicheza, inachemka inakwama kwama, kwenye iPhone ni kuanzia 15 Pro ndo kuna chipu inayoisoma yenyewe. Mi kwa video za watu wote bado naenda na VP9.

Ubora ndo penye utamu, na ndo pa kutulia. Utakuta ama sehemu imeandikwa CRF ama sehemu ya bitireti. CRF ni kusema "nataka ubora huu, saizi itajipanga yenyewe", na kwa VP9 namba zinaanzia 0 mpaka 63, namba ikipanda ubora unashuka, hapo watu wanageuza kichwa chini wanaweka 60 wakidhani wanaongeza. Kwa 1080p anza na 31, kwa 720p 32 iko sawa, kama video ina maji, majani yanayotikisika au watu wengi wanacheza shusha hadi 27 au 28 kwa sababu vitu vinavyobadilika kila fremu, yaani kila picha moja ya zile zinazounda video, ndo vigumu kubana. Mtu aliyekaa mbele ya ukuta akiongea hata 35 hutaona tofauti. Bitireti ni kinyume, unasema "nataka saizi hii, ubora utajipanga wenyewe". Itumie pale tu una kikomo cha saizi. Lile somo letu la dakika 10 ukilishusha hadi 720p kwa megabiti 1 kwa sekunde, picha inakuwa MB 75, sauti ya kilobiti 64 inaongeza kama MB 5, jumla 80. Kutoka 1,275 hadi 80 na maandishi ya ubaoni bado yanasomeka, mradi yameandikwa makubwa.

Usiongeze vipimo. Video ya 480p ukiambiwa unaweza kuitoa 1080p utapata faili nene yenye ukungu uleule.

Sauti chagua Opus. Kwa mtu anayeongea tu kilobiti 64 zinatosha kabisa, kwa muziki weka 96 au 128. Opus inafanya kazi kwa 48,000 hazi, kwa hiyo kama kuna sehemu ya sampuli usiweke 44,100, weka 48,000 au usiiguse.

Kuna na sehemu ya fremu kwa sekunde, na hii naomba uielewe kwa sababu iliniumiza. Simu zinarekodi kwa kasi inayobadilikabadilika, kwenye mwanga mzuri fremu 30, mwanga ukipungua inashuka hadi 24 au chini ya hapo bila kukuambia, na tovuti nyingine zikikutana na faili ya hivyo zinahesabu vibaya. Nilikuwa na mahojiano ya dakika 40 na mzee mmoja, nikayageuza kwenye tovuti fulani, nikatazama dakika mbili za mwanzo, safi, nikafuta ya asili ili nipate nafasi kwenye simu. Wiki moja baadaye natazama mpaka mwisho, kuanzia kama dakika ya 15 sauti inaanza kuachana na midomo, kufika dakika ya 35 mzee anacheka mdomo umefunga, kicheko kinasikika kabla hajafungua. Na yule mzee nisingeweza kumrudisha akakaa akasimulia vilevile mara ya pili. Kwa hiyo kama kuna sehemu ya fremu, ilazimishe iwe 30 isiyobadilika, na video ndefu usiiamini kwa dakika mbili.

Sasa bonyeza kugeuza. VP9 sio ya haraka, video ya dakika 10 inaweza kuchukua muda mrefu kuliko urefu wake, usifunge tabo na usiache kompyuta ilale. Ikimaliza kuwa makini na vitufe vya kupakua, kwenye tovuti zinazoishi kwa matangazo utaona vitatu vinne vya kijani vinavyopepesa na kimoja tu ndo chenyewe, mara nyingi ni kile kidogo chenye jina la faili yako pembeni. Kinachoshuka lazima kiishie na .webm. Kikiishia na .exe au .apk kifute hapohapo bila kukifungua, hakuna video inayokuja hivyo. Na ukiombwa kuruhusu arifa ili upate faili, kataa, faili haihitaji arifa.

Niseme na hili kwa sababu linarudi kila siku: kubadilisha jina kutoka somo.mp4 kuwa somo.webm sio kugeuza. Umebadilisha karatasi ya juu ya boksi tu, ndani bado ni H.264. VLC itaicheza kwa sababu yenyewe haijali jina, utadhani umefanikiwa, alafu ukipeleka sehemu wanakokagua ndani inakataliwa. Ila kinyume chake nacho kipo, ukiwa na MKV ambayo tayari ndani ina VP9 na Opus huna haja ya kubana upya, inahamishwa boksi tu kwa sekunde chache na ubora haupungui hata kidogo.

Kukagua kunafanyika hivi. Fungua faili kwa VLC, bonyeza Ctrl na J, dirisha la kodeki linafunguka, hapo soma picha ni VP9 na sauti ni Opus. Alafu buruta faili hiyohiyo uidondoshe kwenye Firefox au Chrome, ikicheza humo ndo imekaa sawa kwa wavuti. Usiitazame yote kama huna muda, ruka. Tazama mwanzo, katikati, na dakika ya mwisho, tafuta sehemu mtu anasema neno lenye p au b ambapo midomo inagusana, usikilize kama sauti inatua palepale. Angalia kama video ya wima haijalala ubavu. Angalia urefu kama ni uleule, ikiwa asili ni 10:04 na mpya ni 9:51 kuna kitu kimekatwa. Baada ya hapo ya asili usiifute, iweke kwenye diski au kadi nyingine, kwa sababu kodeki zitabadilika tena na siku hiyo utataka kuanzia kwenye ya kwanza.

Kama kazi zako ni nyingi au video ni nzito, kuna siku utachoka na tovuti. HandBrake ni ya bure, inatoa WebM yenye VP9 na Opus, ina vitufe vya kubonyeza. Ukiwa hauogopi dirisha la maandishi kuna FFmpeg, ambayo ndo injini iliyo nyuma ya nyingi ya hizo tovuti. Mstari wenyewe ni huu:

ffmpeg -i somo.mp4 -vf "scale=-2:720,fps=30" -c:v libvpx-vp9 -crf 32 -b:v 0 -row-mt 1 -c:a libopus -b:a 64k somo.webm

Unachokisoma hapo ni yaleyale tuliyoongea, shusha hadi 720, fremu 30 zisizobadilika, VP9 kwa CRF 32, Opus kwa kilobiti 64. Ile -b:v 0 usiiache, kwenye matoleo ya zamani ya FFmpeg bila hiyo CRF haifanyi kazi peke yake, bitireti inaingilia. Kama somo lilirekodiwa kwa simu iliyosimama wima badilisha iwe scale=720:-2. Na ukitaka kujaribu kabla hujasubiri masaa, weka -ss 00:03:00 -t 20 kabla ya -i, itageuza sekunde 20 tu kuanzia dakika ya tatu. Chagua sehemu yenye vurugu nyingi, ikipita hapo kwingine kote itapita.

Kwa wanaopeleka Commons, kuna zana inaitwa video2commons ya jumuiya yenyewe ya Wikimedia, unaingia kwa akaunti yako, unaipa MP4 au linki ya video, inageuza kuwa WebM na kupakia moja kwa moja. Mwaka 2014 jumuiya iliulizwa kama MP4 iruhusiwe na ikakataa, ndo maana zana za namna hii zina kazi. Ila kugeuza fomati hakugeuzi haki. Video ya mtu mwingine ikiwa WebM bado ni ya mtu mwingine, na wimbo uliokuwa unapiga redioni nyuma yako wakati unarekodi una mwenyewe, ukiusikia wakati unakagua nyamazisha hiyo sehemu kabla hujapakia.

Mwisho kuna watu wa iPhone. Safari ilikaa miaka mingi bila kuicheza WebM, kwenye matoleo ya karibuni inacheza, ila mwenye simu ambayo haijasasishwa siku nyingi atakuambia video yako ni nyeusi. Kama video iko kwenye tovuti yako mwenyewe weka WebM iwe ya kwanza na MP4 iwe ya pili kwenye tagi ya video (ile <video> ya HTML), brauza itachukua ya kwanza inayoiweza. Na ukimtumia mtu kwa WhatsApp itume kama dokumenti, umwambie aifungulie VLC, ambayo kwa iPhone ipo pia na ni bure.